Mche Mmoja, Dozi Elfu Kumi na Nane

Miongoni mwa maswali ambayo wagonjwa wa saratani na jamaa zao hutuuliza kwa sauti ya chini, mlango ukishafungwa, ni hili: "Daktari, na bangi je?" Swali haliji peke yake. Huja pamoja na habari ya shemeji aliyeko Marekani, ambaye ana mche uani kwake uliopita kimo cha uzio, ambaye sheria ya jimbo lake inamruhusu, na ambaye yuko tayari kutuma mafuta aliyoyatengeneza mwenyewe. Muulizaji hatafuti mjadala wa maadili. Anataka kujua kama mafuta hayo yatampa mama yake usingizi na hamu ya chakula.

Majibu anayoyapata ni ya aina mbili. Yupo mhudumu anayekemea: hiyo ni dawa ya kulevya, isitajwe hapa. Na yupo anayenong'ona kwamba mmea ni wa Mungu, hauna kemikali, na kwamba unaua hata saratani yenyewe. Wa kwanza amefunga mazungumzo, wa pili ameahidi jambo ambalo hakuna utafiti uliofanywa kwa binadamu uliolithibitisha. Ni kweli kwamba viini vya bangi vimeua seli za saratani katika vyombo vya maabara. Lakini hata jiki hufanya hivyo.

Ningependa kutoa jibu la tatu, na ili lieleweke sina budi kuufuata mche wenyewe tangu unapotoa maua hadi unapovunwa, kwa maana tatizo la daktari limo katika wiki hizo za mwisho. Hoja yangu ni kwamba mche wa bangi uliostawi uani, hata ukiwa halali na hata ukitunzwa kwa ustadi mkubwa, haumpi mgonjwa kile kinachoitofautisha dawa na mmea, yaani kipimo kinachojulikana. Na kwa kuwa wapo wagonjwa wetu wanaoutumia tayari, tunawajibika kuwauliza.

Nachukua mfano wa jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani. Huko kilimo cha mche mkubwa nje ya nyumba kimekuwa desturi, na huko wapo pia ndugu zetu wasemao Kiswahili, wakiwemo waliofika kama wakimbizi kutoka Kongo. Wapiga kura wa jimbo hilo waliidhinisha matumizi ya bangi kwa watu wazima mnamo Novemba 2014, na tangu tarehe 1 Julai 2015 kila kaya imeruhusiwa kuwa na miche minne, isiyoonekana kutoka barabarani, na kuhifadhi nyumbani wakia 8 za maua makavu, yaani takriban gramu 227. Tuziweke kando namba hizo mbili, tutazirudia.

Mche hupandwa nje majira ya kuchipua, baridi kali ikishapita. Katika latitudo ile, siku za mwezi Juni huwa na mwanga wa zaidi ya saa kumi na tano, na muda wote huo bangi hukua majani na matawi tu. Haitoi maua kwa kuwa imefikisha umri. Hungoja usiku urefuke. Mwezi Agosti giza linapoanza kuongezeka, mmea hupokea ishara hiyo na kubadili kazi: ukuaji wa kimo hupungua, na kwenye maungio ya matawi hujitokeza maua. Mche uliopata miezi mitatu ya jua kabla ya ishara hiyo huwa umeshakuwa mti. Kimo cha mita tatu si ajabu. Hapa kwetu karibu na ikweta, ambako usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, mmea hauna kiangazi kirefu cha namna hiyo cha kujijenga, ila aina za asili za kitropiki huchelewa kutoa maua na hukaa mauani kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo hata maelezo ya shemeji kuhusu majira na mavuno hayahamishiki moja kwa moja kutoka kwake hadi Morogoro, jambo ambalo watu wengi hawalijui.

Bangi ina miche dume na miche jike. Dume hutoa chavua. Jike hutoa ua ambalo, likichavushwa, hugeuza nguvu zake kwenye mbegu. Mpanzi wa uani huwang'oa madume mapema ili majike yabaki bila mbegu na yaendelee kunenepa maua na kutoa utomvu. Chavua, hata hivyo, haitambui uzio. Tangu sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018 iliporuhusu kilimo cha hempu, yaani bangi ya nyuzi na mbegu isiyo na nguvu ya kulevya, chavua ya mashamba hayo imekuwa ikipeperuka na kuziharibu bustani za majirani. Mche ulioshika mbegu huwa na utomvu pungufu, na mwenye nyumba anaweza kuligundua hilo siku ya kuvuna.

Utomvu huo ndio unaotuhusu sisi matabibu. Juu ya ua na majani madogo yanayolizunguka kuna tezi ndogo mno, kila moja ikiwa na kikonyo na kichwa kama uyoga. Ndani ya vichwa hivyo ndimo mmea unamohifadhi viini vyake, kikiwemo kile kinacholevya, tetrahidrokanabinoli, ambacho Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walikitenga na kueleza muundo wake nchini Israeli mwaka 1964, na ambacho ulimwengu hukiita THC. Katika ua bichi THC bado ina umbo la asidi ambalo halilevyi. Joto la moto au la jiko ndilo linaloibadilisha. Kiini cha pili kwa umaarufu ni kanabidioli, CBD, ambayo hailevyi.

Wapanzi wazoefu huzichungulia tezi hizo kwa kioo cha kukuzia. Mwanzoni huwa angavu kama maji. Baadaye huwa nyeupe kama maziwa, kisha nyingine huanza kuwa na rangi ya kaharabu. Mpanzi huvuna pale anapoona weupe umetawala na ukaharabu umeanza, na kila mmoja ana imani yake kuhusu uwiano ulio bora. Sidharau ujuzi huo. Ni uangalifu wa mkulima yeyote anayejua lini mahindi yamekomaa, na wengi wao wanaijua mimea yao kuliko baadhi yetu tunavyozijua dawa tunazoziandika. Lakini kioo kinamwambia mtu hali ya tezi. Hakimwambii zina miligramu ngapi. Maua ya juu, yaliyopata jua, kwa kawaida huwa na THC nyingi kuliko yale ya chini yaliyojificha kwenye kivuli cha matawi. Mtu akipeleka maabara ua moja la kileleni, majibu atakayopewa ni ya ua lile, hayasemi lolote la hakika juu ya mti mzima. Na baada ya kukausha, THC huendelea kuharibika taratibu kwa mwanga, hewa na joto, hivi kwamba mkebe uliofunguliwa Novemba na mkebe uleule unapofunguliwa Julai si dawa moja.

Sasa tufanye hesabu. Mche mmoja uliostawi vizuri kusini mwa Oregon unaweza kutoa zaidi ya nusu kilo ya maua makavu. Tuchukue gramu 500 tu, na tuseme THC yake ni asilimia 18, kiwango cha kawaida kwa aina zinazopandwa siku hizi. Hizo ni gramu 90 za THC, sawa na miligramu 90,000. Mwaka 2021 taasisi ya taifa ya Marekani inayotafiti matumizi ya dawa za kulevya iliweka miligramu 5 kuwa kizio kimoja cha THC kwa ajili ya utafiti. Gawanya: mche mmoja una vizio 18,000. Mtu anayetumia kizio kimoja kila siku angeumaliza baada ya miaka 49. Ni kweli kwamba sehemu kubwa hupotea kwa moshi, kwa mapishi na kwa kukaa. Lakini tazama tofauti iliyojificha katika neno "tuseme". Kama THC ni asilimia 12, vizio ni 12,000. Kama ni asilimia 24, ni 24,000. Mwenye mche hajui yuko wapi kati ya namba hizo. Mgonjwa anayepokea chupa ya mafuta bila lebo hajui hata kama yako ndani ya mipaka hiyo.

Sheria yenyewe haikulitatua jambo hili, kwa sababu huhesabu miche. Miche minne inaweza kuwa makopo manne ya dirishani au miti minne ya mita tatu. Ile wakia 8 ya akiba ya nyumbani huzidiwa mara mbili na mche mmoja mkubwa, kwa hiyo raia anayetii kikomo cha kwanza anaweza kujikuta amevuka cha pili siku mavuno yanapokauka. Silitaji hili kuwacheka wanasheria wa huko. Nalitaja kwa sababu mantiki ya kuhesabu mashina imeingia hata katika mazungumzo ya wagonjwa: "natumia kidogo tu, ni mche mmoja."

Jambo linalonitisha zaidi ya nguvu ya THC ni mvua. Katika ukanda ule wa Oregon maua makubwa hufikia ukomavu mwishoni mwa Septemba na mwezi Oktoba, wakati hasa mvua za msimu zinaporejea. Ua nene la bangi hushika maji ndani kama sifongo, na ukungu wa kijivu uitwao Botrytis huanza katikati, mahali jicho lisipofika. Mpanzi huona jani moja limekauka isivyo kawaida, anafungua ua, anakuta ndani pameoza. Hukata sehemu hiyo, kisha hukausha iliyobaki. Kwa mtu mwenye afya pengine hasara ni ya mavuno tu. Ukaushaji nao ukifanyika katika chumba chenye unyevu hukaribisha fangasi wengine, wakiwemo wa jamii ya Aspergillus, ambao mbegu zao huvutwa pamoja na moshi hadi kwenye mapafu bila kufa zote.

Mgonjwa anayepokea tibakemikali, ambaye chembe zake nyeupe za damu zimeshuka, hana ulinzi wa kuzizuia mbegu hizo. Majarida ya kitabibu yamekuwa na taarifa za namna hii tangu miaka ya 1980. Iliyochapishwa mwaka 1988 ilihusu mgonjwa aliyepandikizwa uboho, akavuta bangi iliyochafuliwa na fangasi, akafa kwa maambukizi ya Aspergillus ya mapafu. Hatari hiyohiyo inamhusu aliyepandikizwa figo na mtu aishiye na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana. Angalia kejeli iliyopo: walio tayari kuijaribu bangi kwa sababu ya kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ndio haohao wasioweza kustahimili fangasi wake.

Na ua si sehemu inayoweza kuoshwa. Utomvu unanata, vumbi, jivu na dawa za kunyunyizia hubaki humo. Mioto ya misitu iliyoikumba Oregon mnamo Septemba 2020 iliangusha masizi juu ya bustani wakati maua yakiwa yamefunguka kabisa. Mmea wenyewe nao hufyonza kadimi na risasi kutoka ardhini kwa wepesi, hivyo historia ya uwanja ina maana kubwa: hapa palikuwa na gereji? Palimwagwa betri? Yupo pia mpanzi anayeuona ukungu na kukimbilia dawa ya kuua fangasi. Mojawapo, myklobutanili, hutumika kwa mazao mengine, lakini ikichomwa hutoa sianidi ya hidrojeni, na zabibu, tofauti na bangi, hazivutwi.

Wengi wa wagonjwa wetu hawavuti, watasema, wanakula au wanakunywa. Hilo linaondoa moshi na kuleta tatizo jingine. THC iliyovutwa hufika ubongoni ndani ya dakika chache, na mtu hujua mapema ameshafika wapi. Iliyoliwa hupitia ini kwanza, ambako hugeuzwa kuwa umbo jingine lenye nguvu, na huenda isisikike kwa nusu saa hadi saa mbili. Mzee anakula kipande cha keki, anasubiri, haoni kitu, anaongeza kipande cha pili. Usiku wa manane familia inamleta akiwa amechanganyikiwa, moyo ukienda mbio, wakidhani ni kiharusi. Keki ikiachwa mezani, mtoto huiona keki. Wenzangu wa idara za dharura wanaopokea mtoto mwenye usingizi mzito usioelezeka, na ambaye kipimo cha malaria na cha sukari havina tatizo, waongeze swali hili kwenye orodha yao, waliulize kwa upole na kwa faragha.

Je, basi hakuna dawa ndani ya mmea huu? Ipo, na imeshatolewa humo. THC iliyotengenezwa maabara, dronabinoli, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa ajili ya kichefuchefu cha tibakemikali, na kidonge chake cha kuanzia kina miligramu 2.5. Dawa ya kupuliza mdomoni iitwayo Sativex, kwa wagonjwa wa ukakamavu wa misuli, hutoa miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD kila inapobonyezwa. CBD safi, Epidiolex, iliidhinishwa mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, na kila mililita ina miligramu 100. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya niwasihi wazazi. Mtoto wa kilo 20 anayetumia miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku anahitaji miligramu 200 za CBD. Miche mingi mikubwa ya uani imezalishwa kwa ajili ya THC na ina CBD chini ya asilimia moja. Mzazi anayempa mtoto mafuta ya mche huo akitafuta CBD anampa zaidi kile ambacho hakukikusudia.

Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa inayohusika na dawa za kulevya ilipiga kura, 27 dhidi ya 25, kuiondoa bangi katika jedwali la dawa zenye hatari kubwa na faida ndogo ya tiba, ikaiacha katika jedwali la kwanza pamoja na mofini. Wapo walioitangaza kura hiyo kama ruhusa. Mimi naisoma kama agizo la kuishughulikia kama tunavyoishughulikia mofini, yaani kwa mizani.

Wasomaji wa ukanda wetu wana mfano wa karibu zaidi ya Oregon. Artemisia imelimwa na wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda, na kutokana nayo hupatikana artemisinini, kiini ambacho kazi ya Tu Youyou wa China katika miaka ya 1970 ilikifungua na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hakuna anayetilia shaka nguvu ya mmea huo. Dawa mseto za malaria tunazozigawa kila siku zinautegemea. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani yake. Kiasi cha artemisinini hutofautiana kati ya shamba na shamba na kati ya mwezi na mwezi, chai haitoi dozi ya kutosha, homa inashuka, vimelea vinabaki. Anayeelewa kwa nini hatumwandikii mgonjwa wa malaria fungu la majani ataelewa kwa nini siwezi kumwandikia mama yake vijiko vya mafuta ya shemeji.

Nije kwa wenzangu. Kuuliza kuhusu bangi kumefanywa swali la polisi, na mgonjwa anapolisikia kwa sauti ya polisi anajibu kama mtuhumiwa. Sheria ya Tanzania inakataza kulima, kumiliki na kutumia, ya Kenya vilevile, na adhabu zake ni nzito. Mgonjwa anayajua hayo. Ndiyo maana swali litanguliwe na sababu yake. Mimi husema hivi: "Mama, zipo dawa za asili na mimea inayogongana na dawa tutakazokupa. Wengine hutumia bangi kwa ajili ya maumivu. Kama nawe unatumia, ukiniambia nitajua namna ya kukulinda, na yatabaki baina yetu." Kisha hunyamaza. Ukimya huo ni sehemu ya swali.

Majibu yake hubadilisha matibabu kweli. Anayetumia warfarini anaweza kuona damu yake ikiwa nyepesi kupita kiasi, kwa hiyo apimwe mapema zaidi. Mtoto anayetumia valproeti kwa kifafa, akiongezewa CBD, apimwe vimeng'enya vya ini. Anayekwenda chumba cha upasuaji aulizwe bila ubaguzi: mwongozo uliotolewa mwaka 2023 na chama cha Marekani cha wataalamu wa ganzi unataka kila mgonjwa aulizwe, kwa sababu matumizi ya mara kwa mara huathiri usingizi wa dawa na maumivu baada ya upasuaji. Na kijana anayerudi kila mwezi kwa kutapika kusikokoma, ambaye amefanyiwa kila kipimo cha tumbo, aulizwe kama nafuu huipata anapooga maji ya moto. Hali hiyo ilielezwa na madaktari wa Australia mwaka 2004. Husababishwa na bangi yenyewe ikitumiwa kwa miaka, na anayeugua huzidisha kuvuta akiamini kwamba anajitibu. Mjamzito, na yeyote mwenye historia ya ugonjwa wa akili katika ukoo wake, aambiwe waziwazi kwamba kwao sina mjadala: wasitumie.

Kwa shemeji mwenyewe nina maneno machache. Ruhusa ya jimbo haivuki mpaka. Kuyaweka mafuta hayo kwenye kifurushi ni kosa kwa sheria za shirikisho za Marekani yanakotoka na kosa tena hapa yanakofikia, na anayekamatwa uwanja wa ndege aghalabu ni yule shangazi aliyebeba sanduku asilolifungua. Pia kama hajapata uraia, ajue kwamba idara ya uhamiaji ya Marekani ilieleza mwaka 2019 kuwa shughuli za bangi, hata zile zilizo halali katika jimbo, zinaweza kuzuia ombi la uraia. Mche wa uani unaweza kumgharimu zaidi ya maji na mbolea.

Yapo malalamiko dhidi ya hoja yangu ninayoyapa uzito. Mgonjwa huweza kusema: "Unanidai miligramu, daktari, lakini hiyo dawa yako yenye miligramu iko wapi?" Epidiolex na Sativex hazipo katika maduka ya dawa ya wilaya zetu, na zingekuwepo bei yake ingewashinda wengi. Sina jibu la kumfurahisha kuhusu hizo mbili. Kuhusu maumivu ya saratani, ambayo ndiyo sababu ninayoitajiwa mara nyingi zaidi, jibu ninalo, na linatuelekea sisi. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Ya kunywa ni rahisi, na lebo ya chupa yake inaeleza kuna miligramu ngapi katika kila mililita tano. Bado yapo maeneo ambako mgonjwa husafiri siku nzima kuifuata, akaambiwa imeisha, au akakutana na mhudumu anayeiogopa kuliko anavyoyaogopa maumivu ya mgonjwa. Jamaa wengi walioniuliza kuhusu bangi, nilipowauliza mgonjwa wao anatumia nini kwa maumivu, walitaja paracetamol.

Kwa hiyo siku hizi, nikiulizwa swali lile kwa sauti ya chini, naanza na maumivu. Yako wapi, yanamwamsha saa ngapi, anatumia nini, kiasi gani, kila baada ya muda gani. Naandika mofini ya kunywa, dozi ndogo kila saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo, nampa jamaa karatasi ya kuandika saa na kiasi, na kuwaita tena baada ya siku tatu. Mafuta ya shemeji huwa tunayazungumza siku hiyo ya kurudi, kama bado kuna anayeyauliza.